Bati la Moto, Hewa Vuguvugu: Mwongozo Kamili wa Kuboresha Sanduku la Jua la Kukaushia Dagaa

Sanduku la kwanza nililotengeneza lilikuwa na sura nzuri kuliko kazi. Nililipeleka kwa shangazi yangu Igombe, Mwanza, tukaliweka nyuma ya chanja zake za dagaa, jua likiwa utosini. Nikainua pembe ya kioo, nikadondosha tone la maji kwenye bati jeusi. Likatoa mvuke, likakauka kabla sijahesabu hadi kumi. Nikajiona fundi. Shangazi akaweka kiganja kwenye tundu la kutokea hewa, akakiacha pale muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mwanangu," akasema, "hii mbona kama pumzi ya mbuzi?"

Alikuwa sahihi. Bati lilikuwa karibu nyuzi joto 90, hewa inatoka na 41. Jua halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba bati lilipokea joto lote lile, likashindwa kuikabidhi hewa, likabaki kulirudisha angani kupitia kioo. Tangu siku ile nikiona mtu anajivunia bati lake linavyounguza, najua sanduku lake ni bovu. Bati likiwa la moto sana ujue hewa inapita bila kuchukua mzigo.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana sanduku la aina hii, au anataka kutengeneza: mbao, bati jeusi, kioo juu, hewa inaingia chini ikiwa baridi na kutoka juu ikiwa ya moto kuelekea kabati la kukaushia, ikisukumwa na feni ndogo au ikipanda yenyewe. Vipimo ninavyotumia ni vya bati moja la futi 8 kwa 3, yaani mita 2.4 kwa 0.9.

Kwa nini hewa haichukui joto

Hewa ni mbeba joto mvivu. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, ndiyo maana bomba jeusi la maji likilazwa juu ya paa hufanya kazi bila ufundi mwingi, lakini sanduku la hewa hudai akili.

Hewa ikiteleza juu ya bati laini, ile inayoligusa hasa haitembei. Inanata. Juu yake kuna nyingine inayojikokota, na juu zaidi ndiyo inayokimbia. Ule unaonata ni utando, kama ule unaokaa juu ya maziwa yaliyochemshwa. Joto la bati lazima lipenye utando huo kabla ya kuifikia hewa inayosafiri, na kwa kuwa hewa iliyotulia ni kizuizi kizuri cha joto (blanketi halina siri nyingine), sehemu kubwa hukwama hapo. Hatua karibu zote zilizo hapa chini zina lengo moja: kuuchana utando huo kila unapojaribu kujitandaza, bila kuichosha feni.

Pima kwanza

Usibadilishe kitu kabla hujajua sanduku linatoa nini. Unahitaji vipimajoto viwili, saa ya simu, na mfuko mkubwa mwepesi wa nailoni ambao ukijazwa unatosha sawasawa ndani ya pipa la lita 200.

Kipimajoto kimoja kiweke mlangoni pa hewa baridi, cha pili kwenye tundu la kutokea. Vyote viwe kivulini. Kipimajoto kikipigwa na jua kinapima jua, hakipimi hewa, na nimeshuhudia watu wakishangilia nyuzi 70 ambazo hazikuwepo. Kisha ukamue mfuko ubaki bapa, uvike kwenye tundu la kutokea hewa, uhesabu sekunde hadi utune. Rudia mara tatu, uchukue wastani. Mfuko wa lita 200 ukijaa kwa sekunde 10, sanduku linapitisha lita 20 kwa sekunde.

Hapa sisi wa Mwanza tuna bahati ya hesabu. Tuko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, na ikishapashwa moto mita moja ya ujazo ina uzito wa karibu kilo moja kamili. Kwa hiyo:

Lita kwa sekunde × nyuzi zilizoongezeka = wati.

Basi. Aliyeko Dar es Salaam azidishe jibu kwa 1.1, maana hewa ya pwani ni nzito kidogo. Sanduku langu la aibu lilitoa lita 20 kwa sekunde, hewa ikiingia na nyuzi 27 na kutoka na 41. Ishirini mara kumi na nne: wati 280. Sasa linganisha na kilichoingia. Adhuhuri ya jua kali, mita moja ya mraba hupata kama wati 900, na bati la futi 8 kwa 3 ni mita za mraba zaidi kidogo ya 2, kwa hiyo juu ya kioo ilishuka karibu wati 1,900. Nilikuwa navuna asilimia 15.

Angalia kwamba hesabu ina namba mbili. Joto la hewa peke yake halikwambii kitu. Ukiziba tundu nusu, hewa itatoka ya moto zaidi na wati zitapungua. Watu wengi hujidanganya hapa.

Hatua ya 1: Ziba

Washa dawa ya mbu ya koili, feni ikiwa inazunguka, upitishe moshi taratibu kwenye kila kiungo: kona za mbao, ukingo wa kioo, sehemu sanduku linapokutana na kabati. Moshi ukipeperushwa ghafla au kunyonywa, pana tundu. Ziba kwa silikoni, na ukingo wa kioo uwekee utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli ili kioo kiweze kutanuka bila kupasuka. Kazi hii ni ya asubuhi moja tu, wala haina sifa, lakini ukiiruka utakuwa unachuma kwa kikapu kilichotoboka.

Hatua ya 2: Hewa ipite chini ya bati

Masanduku mengi yanayochongwa mitaani hupitisha hewa juu ya bati, kati yake na kioo. Inaonekana sawa, jua si liko juu? Lakini hewa hiyo inachota joto kwenye bati kwa upande mmoja na kulimwaga kwenye kioo kwa upande wa pili, na kioo kinapigwa na upepo wa ziwa kuanzia saa nne asubuhi. Kwa kanuni inayotumiwa sana na mafundi wa jua, upepo wa mita 3 kwa sekunde hunyang'anya kioo joto mara tatu kuliko hewa tuli. Anayekaa Igombe au Kayenze anajua kwamba mita 3 kwa sekunde ni upepo wa kawaida kabisa.

Basi liinue bati. Liegemeze juu ya vipande vya mbao kando kando ili hewa ipite chini yake, na juu, kati ya bati na kioo, uache nafasi ya sentimita 3 hadi 4 ambayo imefungwa kabisa. Hewa iliyofungwa pale inageuka blanketi. Faida nyingine ni kwamba vumbi na vidudu vinavyoingia na hewa haviendi kuchafua kioo kwa ndani, mahali ambapo huwezi kufuta bila kufumua kila kitu.

Kuna ufundi wa juu zaidi, wa kuipitisha hewa kwanza juu ya bati kisha igeuke na kurudi chini yake, ili iokote hata joto lililokuwa linatorokea kwenye kioo. Unafanya kazi kweli. Lakini unataka uzibaji makini na kona ya kugeuzia isiyobana hewa. Ufanye kwenye sanduku la pili, si la kwanza.

Hatua ya 3: Njia ya hewa iwe nyembamba

Sanduku langu la kwanza lilikuwa na njia ya hewa yenye kina cha sentimita 10, kwa sababu mbao nilizonazo zilikuwa za inchi 4. Hiyo ndiyo sababu yote. Hewa ikawa inajikokota katikati kama ng'ombe anayerudi zizini, mbali na bati, kwa mwendo wa chini ya robo mita kwa sekunde.

Kwa sanduku lenye feni, kina cha sentimita 3 kinatosha. Lita zile zile zikipita kwenye njia nyembamba mara tatu, hukimbia mara tatu, na utando hukonda. Usiende chini ya sentimita 2. Mbao zetu za paini hupinda, bati nalo linabonyea, utajikuta sehemu nyingine imeziba kabisa. Halafu feni nayo ina deni lake: ukiongeza mwendo wa hewa mara mbili katika njia ile ile, nguvu inayodaiwa inakaribia mara nane.

Kama huna feni na unategemea hewa ya moto kupanda yenyewe, acha hatua hii. Acha sentimita 8 au zaidi, maana msukumo wa asili ni dhaifu, ukiubana utakufa.

Hatua ya 4: Matuta

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo nitakapokaa.

Mtu akitaka kuvunja kasi barabarani anaweka tuta. Sisi tunaweka matuta kwenye bati kwa sababu iliyo tofauti kidogo. Hewa inayoteleza ikigonga kijituta kidogo, inaruka juu yake, kisha inatua mbele kwa kishindo na kusugua bati pale inapotua. Pale ndipo utando unapochanika. Ukimaliza kuchanika unaanza kujitandaza tena, na kabla haujanenepa hewa inakutana na tuta jingine.

Vipimo viwili ndivyo vinavyoamua kila kitu, navyo vimechunguzwa sana maabara. Kwanza urefu wa tuta kwenda juu. Utando tunaoutafuta ni mwembamba, kwa hiyo tuta kubwa halina maana, linaziba njia tu. Kwa njia ya hewa ya sentimita 3, waya wa milimita 2.5 unatosha, dukani omba geji 12. Pili ni umbali kati ya tuta na tuta: mara 10 ya urefu wake, yaani milimita 25. Si chini sana ya hapo, kwa sababu hewa iliyoruka hutua umbali wa mara 6 hadi 8 ya urefu wa tuta. Ukipanga karibu karibu itaruka juu juu kama mtu anayekanyaga migongo ya viazi bila kushuka mferejini, na hewa iliyonasa katikati itatulia ikawa blanketi jipya. Ukipanga mbali sana, utando unapata nafasi ya kunenepa.

Matuta yakae upande gani? Upande wa bati unaoguswa na hewa inayotembea, yaani chini yake. Nimewaona wanaoyapigilia kwenye ubao wa chini wa sanduku. Hapo unauchana utando wa ubao, ambao hauna joto la kutoa.

Namna ninavyofanya:

1. Kata waya vipande vya sentimita 88. Utahitaji kama 95, jumla mita 84 hivi, zaidi kidogo ya kilo 3. Zinyooshe kwa kuzivingirisha kati ya mbao mbili, maana waya wa bunda una kumbukumbu.

2. Kata waya mrefu wa mita 2.3 mara tatu. Hizi ndizo mihimili.

3. Tengeneza ngazi: panga vipande vifupi juu ya mihimili, kila milimita 25, ufunge kwa binding waya au uguse kwa mashine ya kuchomelea. Tumia kipande cha ubao chenye unene wa milimita 25 kama kipimo, usikadirie kwa macho. Mimi nilikadiria, kufika katikati nilikuwa nimeteleza hadi milimita 40.

4. Geuza bati, chini juu. Ilaze ngazi juu yake ili vile vipande vifupi viguse bati na mihimili iwe upande wa hewa. Ukikosea, mihimili itaunyanyua waya na tuta litakuwa daraja, hewa ipite chini yake.

5. Shika ngazi kwa ribiti na vibanio vya bati vilivyokatwa kutoka kwenye mabaki, sehemu 12 au 15 zinatosha. Ziba vichwa vya ribiti kwa silikoni.

Waya si lazima ugusane na bati kwa ufundi wa sonara. Kazi ya tuta ni kuvuruga hewa, haipitishi joto. Kumbuka tofauti hii, kwa sababu mapezi ni kinyume chake. Pezi ni kipande cha bati kilichokunjwa kama herufi L, kikasimamishwa kufuata mwelekeo wa hewa, ili kuongeza eneo la kugusana. Pezi lisilobanwa barabara kwenye bati halipati joto, na linabaki pambo. Ukitaka mapezi, piga ribiti kila sentimita 10. Mimi nachagua matuta.

Ukiyalaza matuta kwa mshazari wa nyuzi 60 dhidi ya mwelekeo wa hewa, au ukayakunja kama herufi V, yanafanya vizuri zaidi ya yaliyonyooka, kwa kuwa hewa hupata na mzunguko wa kujisokota inapofuata tuta pembeni. Ni kazi zaidi kukata na kufunga. Anza na yaliyonyooka.

Na bati la migongo? Nalo lina faida, mradi hewa ikatize migongo badala ya kuifuata. Ikifuata migongo unaongeza eneo tu. Ikiikatiza inayumba juu na chini. Shida ni kwamba kuziba kingo za bati la migongo ni mateso.

Baada ya hatua hizi na feni mbili nilirudi kupima. Mfuko ulijaa kwa sekunde nne na nusu, lita 44. Hewa iliingia na 27, ikatoka na 45. Wati 790, zaidi ya asilimia 40. Na bati, ambalo mwanzo lilikuwa 90, lilikuwa limeshuka hadi kama 65. Jua lile lile, bati limepoa. Hiyo ndiyo dalili unayoitafuta.

Hatua ya 5: Feni, na namna ya kuitawanya hewa

Feni za kompyuta za sentimita 12, volti 12, zinafaa, na mafundi wa vifaa vya umeme huwa nazo kwenye maboksi ya vyuma chakavu. Kila moja hula wati 2 au 3. Ziweke mlangoni pa hewa baridi, zisukume. Ukiziweka mwisho, hewa inapotoka kabatini, zitakula hewa ya moto yenye mafuta ya samaki, na haitachukua muda zitaanza kulia.

Zinazungushwa na paneli ndogo ya wati 10 au 20 bila betri, na hapo kuna jambo zuri: jua likikaza feni hukaza, wingu likipita feni hulegea, sanduku linajiongoza lenyewe. Lakini jihadhari. Paneli inayoitwa ya volti 12 hufika hata volti 21 ikiwa haina mzigo wa kutosha. Feni yangu ya kwanza ilidumu siku mbili, ikaungua saa saba mchana. Weka kidhibiti volti kidogo, au unganisha feni mbili kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, zigawane.

Hewa ya feni ikiingia moja kwa moja kwenye njia nyembamba itapita katikati tu, na kona zote mbili za bati zitabaki zinaungua bure. Kwa hiyo acha chumba kidogo cha sentimita 15 hadi 20 kabla ya mwanzo wa bati, na kati ya chumba na njia ya hewa weka ukuta wa bati uliotobolewa mstari wa matundu yanayolingana. Gusa kioo kwa kiganja kushoto, katikati, kulia. Penye moto zaidi ndipo hewa isipofika. Panua matundu ya upande huo.

Wavu mahali pa bati

Kuna njia nyingine kabisa, na kwa asiye na subira ya waya 95 huenda ikawa bora. Ondoa bati. Tandika matabaka matatu ya wavu wa chuma wa madirishani, yaliyopakwa nyeusi, kwa mshazari kutoka chini upande wa kuingilia hadi juu upande wa kutokea, ili hewa yote ilazimike kupenya kwenye wavu. Kila uzi ni tuta, na eneo la kugusana ni kubwa mno. Jua linapenya tabaka la kwanza, linanaswa na la pili na la tatu, na kwa kuwa hewa baridi iko upande wa kioo, kinachopotea ni kidogo.

Mambo mawili huharibu. La kwanza ni wavu wa plastiki: unalegea, unabonyea, unanuka. La pili ni rangi iliyopakwa kwa brashi, ambayo huziba matundu. Pulizia, au chovya kisha upulize kwa pampu kabla haijakauka. Wavu wa chuma hushika kutu upesi huku kwetu, wa alumini hudumu.

Makopo ya soda yaliyotobolewa na kuunganishwa kuwa mabomba nimeyajaribu pia. Viungio ni vingi mno na kila kiungio kinavuja. Nisikilize au ujionee.

Rangi, kioo, na pumba

Rangi iwe nyeusi isiyong'aa. Ile ya kupaka ubao wa shule inafaa sana. Paka mikono miwili myepesi. Bati jipya la mabati hukataa rangi, lioshe kwa siki, lisuuze, likauke. Kioo cha milimita 4 hupitisha karibu asilimia 85 ya jua, kikiwa safi. Nailoni ya kawaida ya dukani hupauka na kuchanika ndani ya miezi. Kama si kioo, tafuta ile ya nyumba za kuoteshea mboga.

Chini na pembeni jaza sentimita 5 za pumba kavu za mpunga au maranda. Panya wanapenda pumba, changanya na majivu na ufunike kwa bati au plaiwudi.

Kulikalisha

Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, hivyo jua halitutupi mbali. Mwinamo wa nyuzi 15 unatosha, na kazi yake kubwa ni kuteremsha maji ya mvua na kusaidia hewa kupanda. Kwa sanduku la mita 2.4, inua upande wa kutokea sentimita 62. Kuanzia Mei hadi Agosti sanduku litazame kaskazini; Novemba hadi Januari ligeuze litazame kusini. Kama halihamishiki, litazamishe kaskazini ulisahau. Likinge na upepo wa ziwani kwa ukuta au mawe, mawe hatukuyakosa, ilimradi kivuli kisiguse kioo.

Dagaa kiasi gani?

Hapa nataka kuwa mkweli, kwa sababu shangazi aliniuliza kama ataweka ndoo zote.

Dagaa wabichi ni maji kama asilimia 75. Ukiwakausha hadi 15, kila kilo 10 zinapoteza kilo 7 za maji. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke hudai karibu theluthi mbili ya yuniti, yuniti zile zile za Luku. Siku njema sanduku la bati moja hupokea yuniti 11 au 12 za jua, linatoa kama 5 kwenye hewa, na hewa hiyo haitumii joto lake lote kukausha ndani ya kabati. Ikitumia karibu nusu umebahatika. Tunabaki na yuniti 2, yaani kilo 3 za maji, yaani kilo 4 na kitu za dagaa wabichi. Si ndoo zote.

Kwa hiyo usilitumie kama mbadala wa chanja. Dagaa wapoteze maji ya mwanzo chanjani, upepo na jua vinaweza kazi hiyo bure. Sanduku liwamalizie, pale mwisho ambapo maji yamejificha ndani ya nyama na hewa ya kawaida haiyatoi, au uwaokoe masika, mawingu yakianza kujikusanya na dagaa bado wabichi nusu. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 75, ikipashwa hadi 45, unyevu wake unashuka hadi kama asilimia 25. Ni ile ile hewa ya ziwani, ila sasa ina kiu.

Wabichi wabichi usiwapige zaidi ya nyuzi 50. Wanaiva badala ya kukauka, ngozi inajifunga, na ndani wanabaki laini. Ukimvunja dagaa aliyekauka sawasawa anakatika kwa mlio. Yule aliyejifunga anapinda. Ukiona hivyo usipunguze jua, ongeza hewa.

Utunzaji

Kioo kifutwe kila asubuhi, maana vumbi la barabara ya vumbi na umande huganda pamoja. Wavu wa mlangoni pa hewa usugue kwa brashi kila wiki, na kila siku zile siku ambazo vidudu vya ziwani vinakuja vimesimama juu ya maji kama moshi wa tanuru. Usiku mmoja tu vinaziba wavu mzima, na asubuhi utadhani feni imekufa. Pima kwa mfuko mara moja kwa mwezi. Ukichelewa kujaa, safisha kwanza kabla ya kulaumu paneli.

Jioni, feni ikisimama, funga milango yote miwili ya hewa kwa vipande vya mbao. Hewa ya usiku ya ziwani ni mbichi, na dagaa waliokauka mchana kutwa watainywa yote hadi asubuhi.